UANI KWAKO KUNA MSHAHARA WA PILI

Nyumba inayojilisha: wenyeji wa Dodoma waliijua zamani, sisi wa kuja ndio tunajifunza leo

Kama mfuko wako ni mgonjwa, usione haya, tuko wengi. Hebu leo nikuulize swali la kichokozi. Ikifika tarehe 18 ya mwezi, mshahara ulishakwenda zake na mwingine bado uko njiani unachechemea, nyumbani kwako mnakula nini?

Usinijibu. Najua, maana yalishanikuta.

Nilihamia Dodoma mwaka 2017, katika lile wimbi la watu kuhama Dar es Salaam baada ya Rais John Magufuli kutangaza Julai 2016 kwamba serikali yote inakuja huku. Nikaja na familia, makochi, friji na maringo ya Kidaresalaam. Nikapata kiwanja cha mita 20 kwa 30 pembezoni mwa mji, nikainua vyumba vitatu na sebule, kilichobaki kikawa uwanja mtupu wa vumbi jekundu. Mke wangu akauliza kama tusipande hata mchicha. Nikamjibu kwa kejeli, "Mama watoto, tumekuja mjini au tumekuja shamba?"

Nikamwaga kokoto. Nikajiona mtu wa maana.

Jirani yetu wa ukuta wa pili alikuwa bibi mmoja wa Kigogo, mjane, analea wajukuu watatu. Jina lake silitaji, hapendi mambo ya magazeti. Uani kwake palikuwa na kila aina ya vurugu: kuku wanaparura, mbuzi wanne kwenye banda la fito, magunia yamesimama kama askari na mboga zimechomoza pembeni, mapipa chini ya paa, na mzabibu umetambaa juu ya miti ukafanya kivuli cha kukalia. Mimi kila nikipita nasema moyoni, hawa ndugu zetu bado wako kijijini.

Basi bwana, mwaka wa pili wake mambo yakageuka. Ofisi niliyokuwa nafanya kibarua, ambayo sina haja ya kuitaja, ikachelewesha mshahara. Mwezi wa kwanza tukakopa dukani. Mwezi wa pili Mangi wa dukani akaanza kuniona kwa jicho la pembe, nikawa napita njia ya nyuma kama mwizi. Siku moja jioni watoto wamekunywa uji mwepesi usio na sukari, wamelala mapema kuliko kawaida. Tukasikia hodi.

"Mbukwa!"

Ni bibi. Kichwani ungo, na juu ya ungo unga wa uwele, kifurushi cha mlenda mkavu na mayai sita. Nadhani watoto walimsimulia wajukuu zake, unajua tena watoto hawana siri. Mke wangu machozi yakamlengalenga. Akasema, "Bibi, asante sana, tutakulipa mwezi ukiisha."

Bibi akacheka. "Mwanangu, kuku wangu hawasubiri mwezi uishe ndiyo watage."

Msomaji wangu, kauli ile ilinipiga kuliko kofi. Mimi mwenye kitambulisho shingoni na tai nyekundu nimelishwa na ajuza asiye na mshahara hata wa siku moja. Kesho yake asubuhi nikachukua sepetu nikaanza kuzoa kokoto.

SI USHAMBA, NI AKILI

Kitu ninachotaka kukuambia leo ni hiki: nyumba inaweza kujilisha. Siyo yote, siyo kwa kila kitu, lakini kwa kiasi cha kukuondolea aibu ya tarehe 18. Wazungu nao wamelirudia jambo hili kwa nguvu. Huko Marekani kuna watu wanaacha majumba ya ghorofa wakafuge kuku na kusindika nyanya zao wenyewe. Kwao neno lenyewe lina historia ndefu, maana mwaka 1862 ilipitishwa sheria ya kumpa mlowezi ekari 160 akikubali kukaa na kulima kwa miaka 5, juu ya ardhi ambayo nyingi yake ilikuwa ya wenyeji Wahindi Wekundu.

Sisi walalahoi wa Dodoma hatuna ekari 160. Tuna mita 20 kwa 30, na wengine hata hizo hatuna, tunapanga vyumba viwili na uwanja wa pamoja. Lakini mboga haiulizi hati ya kiwanja. Inauliza udongo, maji na mtu wa kuiangalia.

Na wala si jambo geni hapa. Mgogo wa zamani alikaa kwenye tembe, ile nyumba ya paa bapa la udongo, imezunguka kama mraba na katikati mifugo inalala. Mashamba ya uwele na mtama yalikuwa karibu na nyumba, samadi ikitoka zizini inakwenda shambani hatua chache tu. Akina mama wakati wa masika wanachuma majani ya mlenda, wanaanika, wanahifadhi kwa kiangazi. Ng'ombe nao hawakukaa wote zizi moja, wengine alipewa ndugu au rafiki awatunze, ili ugonjwa au ukame ukipiga upande huu, upande ule wabaki. Hiyo ndiyo ilikuwa benki, na matawi yake yalitapakaa.

Walijifunza kwa uchungu. Wazee wa Ugogo bado wana neno Mtunya, njaa kuu iliyokuja wakati na baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia. Majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalichukua ng'ombe, yakachukua nafaka, yakachukua wanaume kuwa wapagazi, kisha mvua nazo zikagoma. Maelfu kwa maelfu walikufa. Ukiangalia vizuri, lililowaua halikuwa ukame peke yake. Ukame walishauzoea. Kilichowaua ni kwamba akiba ya nyumbani ilikuwa imeshabebwa.

Baadaye mwaka 1971 ikaja Operesheni Dodoma, watu wakakusanywa vijijini. Shule zikasogea, zahanati zikasogea, hilo ni jema. Lakini kwa wengi shamba likabaki mbali na nyumba, na samadi ikabaki zizini, maana nani atabeba ndoo ya samadi kilometa tano?

FUNZO LA WAKUBWA PALE KONGWA

Kuna mtu atasema mambo ya kugunia na kuku watano ni utani, bora usubiri upate mtaji wa trekta. Huyo mpeleke Kongwa.

Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha pale mradi mkubwa wa karanga. Wakaja na matrekta, wakaja hata na vifaru vya vita vilivyobadilishwa kuwa mashine za kufyekea. Fedha zilizomwagika zilihesabiwa kwa mamilioni ya pauni. Kumbe hawakuisikiliza nchi. Udongo wa Kongwa kiangazi ukikauka unakuwa kama saruji, karanga zikabaki ardhini hazing'oki. Mvua nazo zikawafanyia vituko. Januari 1951 mradi ukafungwa.

Na miaka yote hiyo, maili chache kutoka kwenye vyuma vile, akina mama wa Kigogo walikuwa wanavuna karanga na njugu mawe kwa jembe la mkono, kidogo kidogo, za kutosha nyumba. Siyo kwamba kidogo ni kizuri siku zote. Ila kwa nchi hii inayopata mvua ya milimita 550 hadi 600 hivi kwa mwaka, yote ikishuka kati ya mwishoni mwa Novemba na Aprili, anayeanza kidogo akijifunza ndiye anayebaki.

FAIDA ZENYEWE

Sasa twende kwenye ngawira, maana najua wengine mnasubiri hapa.

Faida ya kwanza ni mboga. Tuseme kila siku unanunua mafungu mawili ya mboga ya shilingi 500. Hiyo ni 1,000 kwa siku, 30,000 kwa mwezi, 360,000 na zaidi kwa mwaka, na hapo hujagusa nyanya wala kitunguu. Mchicha unachumwa baada ya wiki tatu hadi nne tu. Kunde unakula majani kwanza, maharage yake baadaye. Matembele ukishapanda mara moja yanatambaa yenyewe. Maboga yanakupa majani, maua na boga lenyewe. Na mlonge, ule mti unaopenda ukame kuliko mvua, majani yake ni mboga isiyokauka mwaka mzima.

Hapa kwetu usinyanyue matuta kama watu wa Morogoro. Chimba vitanda vya kuzama, ili hata maji ya kunawia uso yakimwagwa yatulie kwenye mizizi. Funika udongo kwa nyasi kavu, jua lisiyanyang'anye maji yako. Asiye na uwanja ajaze gunia udongo na samadi, katikati aweke nguzo ya mawe madogo ya kupitishia maji, atoboe pembeni na kupanda. Gunia moja linatosha kumpa mama mboga za siku kadhaa za wiki.

Faida ya pili ni kuku. Kuku wa kienyeji hutaga mayai kumi na kitu kwa mkupuo, kama mara tatu kwa mwaka, analalia siku 21. Si wengi ukimlinganisha na wa kizungu, lakini huyu hadai chakula cha dukani, anajitafutia. Majike kumi na jogoo mmoja wanatosha watoto wako kula yai bila kungoja mwisho wa mwezi. Na mgeni akibisha hodi, huna haja ya kukimbia buchani.

Faida ya tatu ni maji. Wee msomaji, umewahi kukaa ukapiga hesabu ya paa lako? Milimita moja ya mvua ikianguka kwenye mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Paa la mita 8 kwa 10 ni mita za mraba 80. Mwaka wa milimita 550, hilo paa linapokea lita 44,000. Toa sehemu ya tano inayopotea kwa kuruka na kuvuja, unabaki na lita 35,000 na ushee. Zote hizo tunaziacha ziende mtaroni, halafu Agosti tunanunua maji ya mkokoteni kwa madumu!

Tangi la lita 5,000 linajazwa na mvua ya milimita 80 hivi, yaani mvua chache nzito tu. Ukilitumia kwa bustani lita 40 kwa siku linakupeleka siku 125, miezi minne ya kiangazi. Kama tangi ni ghali anza na mapipa. Bibi alianza na mapipa.

Faida ya nne ni kwamba hakuna kinachotupwa. Maganda ya ndizi na pumba anakula mbuzi. Samadi ya mbuzi inakwenda kwenye gunia la mboga. Mboga zilizozeeka wanakula kuku. Nyumba yangu ya kokoto ilikuwa inajaza kiroba cha taka kila siku mbili. Leo kiroba kimoja kinakaa wiki, na ndani yake ni plastiki tupu.

Faida ya tano ni akiba yenye miguu. Mbuzi hubeba mimba miezi 5 tu. Ukiwa na majike wawili watatu, ada ya shule ikija ghafla unamtoa mmoja, hupigi magoti kwa wakopeshaji wa riba ambao siku hizi wamejaa hata ndani ya simu. Benki hii haina makato, ila inataka majani asubuhi na jioni.

Na ya sita ni sifa yetu sisi watu wa Dodoma: zabibu. Wamisionari wa Kikatoliki ndio waliozileta pale Bihawana katika miaka ya 1950, na kule Makutupora kipo kituo cha utafiti kinachoshughulika na zao hili. Mzabibu hapa haulali usingizi wa baridi kama kule Ulaya. Ukipogoa mara mbili kwa mwaka, unavuna mara mbili, kwenye Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba. Siyo lazima uwe na ekari. Mizabibu miwili mitatu juu ya miti inakupa kivuli cha kupumzikia, matunda ya watoto, na kikapu cha kupeleka Majengo sokoni.

WALIOJARIBU WAKAFAULU

Usidhani haya ni maneno ya gazetini tu. Nenda Chololo, kijiji kilicho kilometa 40 hivi kutoka mjini. Kuanzia mwaka 2011 hadi 2014 wanakijiji pale, pamoja na Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini, halmashauri ya Dodoma, watafiti wa Hombolo na wenzao, kwa msaada wa Umoja wa Ulaya, walijaribu mbinu ishirini na kitu za kuishi na ukame. Mbegu zinazowahi kukomaa, kama uwele unaoitwa Okoa na mtama wa Macia. Matuta ya kukinga maji yasikimbie. Majogoo bora wa kupandishia kuku wa kienyeji. Mizinga ya nyuki, majiko yanayokula kuni kidogo, gesi ya samadi. Ukiangalia moja moja, hakuna la ajabu. Nguvu ilikuwa kuyaunganisha, hili linalilisha lile, ili mwaka mahindi yakikwama, nyuki na kuku wako kazini.

Kwingine ni Kondoa. Pale ardhi ilichakaa hadi makorongo yakameza mashamba. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 serikali ikachukua hatua kali: mifugo yote ikaondolewa kwenye eneo la kilometa za mraba 1,256. Watu walilia, na walikuwa na haki ya kulia, kwa sababu mfugo ulikuwa maziwa, samadi na mahari. Lakini nyasi zikarudi, miti ikarudi, mashamba yakapona. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ng'ombe wa maziwa wakaanza kurudishwa, ila kwa sharti moja, walishwe bandani. Funzo kwetu wenye viwanja vidogo ni rahisi: mfugo wachache wanaofuatwa na majani wana faida kuliko kundi linaloifuata nyasi hadi kung'oa mizizi.

Siku hizi pia wapo wakulima wa mkoa huu wanaofanya kile kinachoitwa kisiki hai. Hawapandi mti. Wanatafuta kisiki kilichokatwa ambacho mizizi yake bado iko hai, wanachagua machipukizi mazuri machache, wanapunguza mengine na kuyalinda. Mti unarudi kwa kasi, maana mizizi ya kunywa maji ya chini tayari anayo. Kama una kichaka nyuma ya nyumba usikimbilie kufyeka chote.

SASA USIJIDANGANYE

Nisingekuwa rafiki yako kama ningekupa asali tu bila kukuambia nyuki wanauma.

Mwaka wangu wa kwanza wa ufugaji nilifikisha kuku 22. Nikawa natembea kifua mbele, jioni nawahesabu kama mhasibu. Septemba mmoja akaanza kusinzia, kinyesi kijani, shingo imepinda. Siku ya nne nilikuwa na kuku watatu. Mdondo, au kideri kama wengine wanavyouita. Ugonjwa huu hauna dawa, una kinga tu. Kuna chanjo inayostahimili joto, I-2, tone moja kwenye jicho kila baada ya miezi mitatu. Gharama yake kwa kuku mmoja ni ndogo mno ukilinganisha na kuku mwenyewe. Nilikuwa nimeambiwa na bibi, nikaona ni maneno ya ushamba. Sasa tarehe za chanjo nimeziandika ukutani kwa mkaa, na uzuri ni kwamba mtaa mzima tunachanja siku moja, maana kuku wa jirani akiumwa ni kama umwa wewe.

La pili ni zito zaidi. Mwaka 2016, kati ya Juni na Novemba, watu 68 waliugua na 20 wakafariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Chanzo kilikuwa sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi. Na siyo mahindi ya kutoka mbali, mengi yalikuwa ya kulima wenyewe, yamehifadhiwa nyumbani. Ndugu msomaji, chakula cha kwako hakiwi salama kwa sababu tu ni cha kwako. Sumukuvu haiondoki kwa kupika. Unaweza kusonga ugali saa nzima, sumu iko pale pale.

Kinga ni hizi. Usianike mahindi wala karanga juu ya udongo, tandika turubai. Yakaushe kabisa kabla ya kupukuchua na kufunga. Chambua punje zilizovunjika, zilizooza na zenye rangi ya ajabu, na usidanganyike kuwapa kuku ukidhani umeokoa, maana inawadhuru pia. Usiweke gunia chini sakafuni wala kulibandika ukutani. Ndiyo maana pia wazee waliupenda uwele na mtama: vinavumilia ukame, na zao lililosongwa na ukame, kama mahindi ya hapa yanavyosongwa, ndilo ukungu unalolishambulia kwa urahisi.

La tatu ni dumuzi, yule mdudu aliyeingia nchini kupitia upande wa Tabora na watu wakampachika jina la Scania. Mifuko ya tabaka tatu inayofungwa bila hewa humkosesha pumzi. Gharama yake ni ya mara moja, unaitumia msimu zaidi ya mmoja ikiwa haijatoboka.

La nne, majirani na sheria. Mbuzi wako akila maua ya mwenzio umeshaanzisha vita. Mfunge bandani, safisha banda kila siku, na kabla ya kufuga lolote pita ofisi ya mtaa uulizie taratibu za eneo lenu.

Na la tano linatuhusu sisi akina baba. Ni nani anaamka kumwagilia? Ni nani anabeba majani? Nyumba nyingi baba ndiye mwenye wazo, mama ndiye mwenye ndoo. Halafu kuku wakiuzwa, hela inaingia mfuko wa suruali. Ndugu yangu, hiyo siyo nyumba inayojilisha, hiyo ni nyumba inayomla mama. Kwangu tuligawana: mimi maji na banda alfajiri kabla ya kazi, mama watoto bustani na mauzo, watoto mayai na kulisha. Daftari la mapato liko juu ya friji, kila mtu analiona. Amani imeongezeka, na hata soga za jioni zimerudi.

ANZA HIVI, LEO

Mwezi wa kwanza: magunia mawili au kitanda kimoja cha kuzama cha mita moja kwa tano. Mchicha na matembele, basi.

Mwezi wa pili: mfereji wa bati kwenye upande mmoja wa paa na pipa chini yake. Kama ni kiangazi, vizuri zaidi, utakuwa tayari Novemba.

Mwezi wa tatu: banda imara la kuku, halafu ndiyo kuku. Watu wengi wananunua kuku kwanza, banda baadaye, kicheche anawashukuru. Anza na majike watatu na jogoo, wachanje.

Baada ya mwaka, ukiona mkono umekubali, mzabibu mmoja, mlonge mmoja, mpapai mmoja. Mbuzi waje mwisho, wakati una uhakika wa majani.

Na usiache kazi! Nasema tena, usiache kazi. Uani ni mshahara wa pili, haujawa wa kwanza. Chumvi, sare za shule, nauli na dawa bado vinataka fedha taslimu.

UNGO HAURUDI MTUPU

Nimalizie na bibi. Mshahara ulipokuja, mke wangu alitaka kumpelekea pesa. Nikamzuia, nikasema ungo tu urudi, lakini sina kitu cha kuweka ndani. Ungo ule ukakaa jikoni kwetu miezi mitatu, kila tukiutazama tunaona aibu, maana kwetu sote tunajua chombo cha jirani hakirudi kitupu. Hadi siku mchicha wetu wa kwanza ulipokomaa. Tukaujaza, nikaupeleka mwenyewe.

Bibi akautazama, akautazama tena, akaniambia, "Baba, umeuotesha wewe?"

"Mimi, bibi."

"Kwenye yale mawe yako?"

Tukacheka wote.

Mwaka juzi mjukuu wake mmoja alilazwa, bibi akakaa hospitali wiki mbili. Wajukuu wawili waliobaki walikula kwetu, kuku wake tuliwalisha, mbuzi wake tuliwakatia majani. Jioni ya kwanza mke wangu alipakia unga, mayai na mlenda juu ya ungo ule ule, nikaupeleka wodini. Mtoto alipona, sasa anasoma.

Kwa hiyo ukiniuliza faida kubwa kuliko zote za nyumba inayojilisha, sitakutajia zile 30,000 za mboga. Nitakuambia kwamba siku jirani akibisha hodi na njaa, utakuwa na kitu cha kuweka kwenye ungo.

Zoa kokoto, ndugu yangu. Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa.